Upendeleo, uongo na kunyimwa kusema: mambo matatu tunayoyachanganya huku Kusini

Kila msimu wa korosho mabishano hujirudia. Mnada umefanyika Tandahimba au Newala, wanunuzi wametoa bei, na kabla ya adhuhuri simu zimeshajaa. Ukurasa mmoja umeandika "Korosho yapaa". Mwingine umeandika "Mkulima apigwa tena". Redio imesoma bei ya juu, ikaishia hapo. Kijana mwenye wafuasi wengi Facebook ameandika kwamba wanunuzi walikaa usiku wakapanga bei. Jioni kijiweni mmoja anasema redio imenunuliwa, mwenzake anasema kijana yule akamatwe kwa uchochezi, na wa tatu anakata maneno kwamba nchi hii hakuna uhuru wa kusema.

Kila mmoja ameshika jambo lake. Wa kwanza analalamikia upendeleo wa vyombo vya habari. Wa pili analalamikia habari ya uongo. Wa tatu analalamikia kunyimwa haki. Mambo hayo matatu yana vyanzo tofauti na yanatatuliwa kwa njia tofauti, lakini tumezoea kuyakabili yote kwa njia moja, nayo ni kutaka mtu fulani afungwe mdomo. Mikoa ya Mtwara na Lindi imeshalipa gharama ya mazoea hayo, na ndiyo maana nimeona tuyatenganishe taratibu.

Tuanze na maana

Uhuru wa maoni umeandikwa katika Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977. Ibara hiyo inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake. Inampa pia haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari bila kujali mipaka ya nchi, uhuru wa kuwasiliana bila kuingiliwa, na haki ya kupewa taarifa juu ya mambo muhimu kwa maisha na shughuli zake. Haki hizi hazikuwamo tangu mwanzo. Ziliingizwa kwa mabadiliko ya Katiba ya 1984. Ibara ya 30 nayo inaweka mipaka: haki yako isivunje haki ya mwenzako, na Bunge linaweza kutunga sheria za kulinda usalama, heshima za watu na maslahi ya umma.

Tazama vitendo vyenyewe: kutafuta, kupokea, kutoa. Tunapozungumzia uhuru huu, wengi wetu tunamfikiria mwanasiasa jukwaani au mwandishi mkali mtandaoni, yaani mtoaji. Mkulima wa Nachingwea anayetaka kujua makato ya korosho zake yamekwenda wapi anasimama juu ya ibara hiyohiyo. Naye ni mwenye uhuru wa maoni, hata kama hajawahi kuandika mstari mmoja.

Haki hii inamkinga mtu dhidi ya mwenye uwezo wa kumnyamazisha. Haimlazimishi mwenye redio kusoma ujumbe wako, wala haimlazimishi admini kukuacha umtukane jirani yako kundini. Redio ikiitupa barua yako, imekunyima nafasi yake. Mkuu wa wilaya akikuweka ndani kwa ajili ya barua hiyo, hapo uhuru umeguswa. Mkuu wa wilaya anayo mamlaka, chini ya Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, ya kuamuru mtu ashikiliwe hadi saa 48. Lakini mamlaka hayo yaliwekwa kwa ajili ya kuzuia uvunjifu wa amani, si kwa ajili ya kumwadhibu aliyeuliza swali gumu kwenye mkutano wa kijiji.

Upendeleo ni jambo jingine kabisa, na kwa mtu wa huku mfano ulio karibu ni kangomba, yaani ununuzi wa korosho kienyeji, nje ya mnada, kwa chombo badala ya mizani. Mnunuzi wa kangomba haleti korosho bandia. Korosho ni zako, umeziokota mwenyewe chini ya mkorosho. Kilichopinda ni kipimo: chombo kinaitwa kilo lakini kinameza zaidi ya kilo. Habari yenye upendeleo iko hivyohivyo. Tukio limetokea kweli, aliyenukuliwa kasema kweli, tarehe ni sahihi, lakini kipimo ndicho kimeamua nini kiingie na nini kimwagike. Habari ya uongo ni mawe yaliyofichwa ndani ya gunia. Na kunyimwa uhuru ni kuzuiwa njiani usifike mnadani kabisa.

Kwa hiyo rudi kwenye zile habari za mwanzo. Mnadani hutangazwa bei ya juu na bei ya chini, kwa sababu kila fungu la korosho lina ghala lake na mnunuzi wake. Halafu yapo makato: ya chama cha msingi, ya chama kikuu, ya usafirishaji na ghala, na ushuru wa halmashauri. Aliyeandika "yapaa" kachukua bei ya juu. Aliyeandika "apigwa" kachukua kinachobaki mkononi baada ya makato, pengine kwa bei ya chini. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli, na wote wawili wamekupunja. Yule kijana wa njama za usiku yuko kwenye kundi jingine: yeye ametoa tuhuma, na tuhuma inadai ushahidi.

Upendeleo unatoka wapi

Ukimuuliza mtu, atakwambia bahasha. Bahasha zipo, na mwandishi anayepokea mshiko ili ageuze habari anaiba haki ya msomaji. Sitafuti neno laini la kulisema hilo. Ila ukidhani kwamba bahasha ndiyo chanzo chote, utashindwa kuuona upendeleo ule mkubwa zaidi unaokuja bila mtu kupewa hata senti.

Mmiliki ni chanzo cha wazi. Gazeti la Uhuru ni la CCM. HabariLeo ni la serikali. Tanzania Daima lilikuwa la kampuni ya Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa Chadema. Upendeleo wa namna hii hauna hatari kubwa kwa msomaji anayejua gazeti ni la nani, maana anasoma akiwa macho. Na tusidhani kwamba kuwa upande wa wenye nguvu ni kinga: Agosti 2021 Uhuru lenyewe lilisimamishwa kwa siku 14 kwa kichwa cha habari kilichomhusu Rais Samia na uchaguzi wa 2025.

Matangazo ya biashara ni chanzo kingine. Serikali na taasisi zake ni mteja mkubwa wa matangazo, na mwenye chombo anajua mteja akinuna mishahara inachelewa. Kwa redio zetu ndogo hali ni ngumu zaidi. Redio inayotegemea tangazo la halmashauri, kipindi cha shirika na salamu za wasikilizaji haihitaji kupigiwa simu ya vitisho. Mhariri atajizuia mwenyewe.

Lakini chanzo ninachotaka tukae nacho ni gari.

Waandishi wengi wa mikoani ni wa kujitegemea, wanalipwa kwa habari iliyotoka. Habari isipochapwa, hakuna malipo. Kutoka Mtwara mjini kwenda Nanyumbu, au kutoka Lindi mjini kwenda Liwale, nauli na chakula ni juu yako, na wakati wa masika barabara inaweza kukulaza njiani. Siku hiyohiyo msafara wa mkuu wa mkoa unakwenda hukohuko, una kiti, una maji ya kunywa na ratiba. Nani atakataa? Basi mwandishi anafika kijijini na kiongozi, anasikia kijiji mbele ya kiongozi, anaondoka na kiongozi. Habari inayotoka inaanza na "RC aagiza" au "DC awaonya". Fungua habari za mikoa yetu miwili, utazame ni ngapi zinaanza na cheo cha mtu. Mama wa Kitangari ambaye korosho zake zimekataliwa ghalani kwa madai ya unyevu hakuwamo kwenye msafara, wala hakuwa na muda wa kumsubiri. Mwandishi hakudanganya popote. Ila kwa miaka na miaka, mtu anayetusoma akiwa Mwanza au Arusha anaijua Kusini kama mahali ambapo viongozi hutoa maagizo.

Kuna pia upendeleo wa jina. Watu mia mbili wakisimama mbele ya ofisi, unaweza kuwaita wananchi, waandamanaji, wafuasi wa chama fulani, vijana wasio na kazi, au wahuni. Tukio ni moja. Jina likishawekwa kwenye kichwa cha habari, aya kumi zinazofuata haziwezi kuliondoa.

Na upo upendeleo wa ukimya, ambao haushikiki kwa sababu hauna ukurasa wa kuuonyesha. Habari isiyoandikwa haiwezi kukosolewa.

Tuliyoyaona wakati wa gesi

Gesi ya Songo Songo, Kilwa, iligunduliwa 1974. Ya Mnazi Bay, Mtwara, ikagunduliwa 1982. Kwa hiyo ulipokuja mpango wa bomba la kuipeleka Dar es Salaam, watu hawakuwa wageni wa jambo hilo. Desemba 2012 waliandamana Mtwara mjini. Januari 2013 zikatokea vurugu Mtwara na Masasi, watu wakafa, majengo yakachomwa, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaja kuzungumza na wananchi. Tarehe 22 Mei 2013, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa Dodoma, mji ukalipuka tena na wanajeshi wakaletwa.

Kitaifa habari ilisimuliwa kama mgongano wa taifa na mkoa mchoyo. Rais Kikwete alisema katika hotuba yake ya kufunga mwaka 2012 kwamba rasilimali ni ya Watanzania wote, na hoja hiyo ni nzito. Lakini hoja ya upande wa pili ilifupishwa ikawa maneno mawili: gesi haitoki. Maneno hayo yalisemwa kweli, kwa sauti kubwa, na ni mepesi kuchapa. Yaliyokuwa nyuma yake hayakuwa mepesi. Watu waliuliza mitambo na viwanda vilivyozungumzwa vitajengwa wapi, vijana wa Msimbati na Madimba watapata kazi gani, halmashauri itabaki na nini. Maswali hayo yalihitaji kurasa nzima na mtaalamu wa kuyajibu. Yalipata aya za mwisho, pale yalipopata.

Pengo hilo lilijazwa na vipeperushi na ujumbe wa simu. Ndani yake mlikuwa na kweli, nusu kweli na uzushi, na hakuna aliyeweza kuzichambua kwa sababu mahali pa kuulizia hapakuwapo. Hasira ikageukia hata kwa waandishi. Katika vurugu za Mei, nyumba ya mwandishi wa shirika la utangazaji la umma ilichomwa moto. Kitendo kile kilikuwa kibaya na hakina utetezi. Mtu aliyekuwa akiishi na sisi, anayenunua samaki soko moja na sisi, hakuwa ndiye aliyeandika bajeti, wala hakuwa ndiye anayepanga taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Waliochoma walikuwa na lalamiko la upendeleo, wakalijibu kwa kumfunga mtu mdomo, na waliobaki wakajifunza kuogopa kuandika habari za Mtwara. Bomba lenyewe, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, lilizinduliwa 2015.

Sheria zinasemaje

Hapa nitapita haraka penye vifungu na kukaa kidogo palipogusa huku kwetu.

Kwa miaka 40 magazeti yaliongozwa na Sheria ya Magazeti ya 1976. Ikaja Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, iliyosimamiwa bungeni na Nape Nnauye, mbunge wa Mtama, mkoani Lindi, akiwa waziri wa habari. Wanahabari wengi waliipinga. Tarehe 28 Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, iliamua kwamba vifungu vyake kadhaa vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Marekebisho ya 2023 yaliiondoa kashfa kwenye jinai, kwa hiyo anayedai kuchafuliwa jina na gazeti anakwenda na kesi ya madai.

Nape, mwanasiasa huyo wa kwetu, ameonja pande zote za jambo hili. Machi 2017 alitolewa uwaziri mara baada ya kupokea ripoti ya uvamizi wa kituo cha utangazaji cha Clouds, na alipotaka kuzungumza na waandishi nje ya hoteli Dar es Salaam, mtu mwenye bastola akamzuia mbele ya kamera. Februari 2022, akiwa waziri tena, ndiye aliyerudisha leseni za magazeti yaliyokuwa yamefungiwa: Mwanahalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima. Namtaja kwa sababu moja: sheria ya habari humrudia hata aliyeishika kalamu kuiandika, na haifai kutungwa kwa kumfikiria mpinzani wa leo peke yake.

Upande wa mtandao ndio wenye mkanganyiko zaidi. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2018 zilimtaka mwenye blogu au televisheni ya mtandaoni kuwa na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi. Ada ya maombi ilikuwa shilingi 100,000, leseni shilingi milioni moja, na ada ya mwaka milioni nyingine. Msimu huo serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo baada ya wakulima kukataa bei za minada ya kwanza. Kwa bei hiyo, kijana wa Newala aliyetaka kuandika habari za halmashauri yake kwa kufuata kanuni alihitaji kuuza zaidi ya kilo 600 za korosho ghafi kabla hajaandika neno. Uchaguzi wa nani aandike siasa ukawa umefanywa na mfuko.

Kesi ya kuzipinga kanuni hizo ilifunguliwa hapahapa, Mahakama Kuu Mtwara. Mashirika sita, yakiwamo Baraza la Habari Tanzania na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, yalikwenda mahakamani, na mwanzoni mwa Mei 2018 mahakama ikazuia kwa muda utekelezaji wake. Kwa wiki chache Mtwara ndiyo ilikuwa mahali ambapo suala la blogu za nchi nzima linaamuliwa. Zuio halikudumu, kesi haikufanikiwa, na Juni mwaka huo jukwaa la mtandaoni la JamiiForums lilifungwa kwa muda. Kanuni zilitungwa upya 2020, zikarekebishwa tena 2022, na ada zikalegezwa.

Yaliyofuata mnayakumbuka. Oktoba 2024 leseni za mtandaoni za kampuni ya Mwananchi zilisimamishwa kwa siku 30 kwa sababu ya video ya katuni iliyogusa suala la watu kupotea. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima. Kila mwenye ndugu mji wa mbali aliona mwenyewe nini hufanyika habari zikikatwa: watu hawakuacha kuzungumza, walizungumza bila njia ya kuhakikisha.

Na hapo kwenye barabara yetu ya kusini, Kibiti, mwandishi wa kujitegemea Azory Gwanda alitoweka Novemba 2017 alipokuwa akiripoti mauaji ya eneo lile. Hajarudi. Kila tunapotaja uhuru wa habari kama jambo la vitabuni, tukumbuke kwamba kwa familia yake ni kiti kisicho na mtu.

Yanayosemwa vijiweni

Lipo linalosema kwamba mtu yeyote akiandika siasa Facebook lazima awe na leseni. Si kweli. Leseni inamhusu anayeendesha huduma ya maudhui kwa umma, kwa mfano mwenye chaneli au blogu ya habari na matukio. Mwalimu wa Ruangwa anayeandika maoni yake kuhusu diwani kwenye ukurasa wake hahitaji leseni. Anachohitaji ni kukumbuka kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamhusu kila mtu, mwenye leseni na asiye nayo.

Sheria hiyo, kifungu cha 16, inakataza kuchapisha taarifa za uongo au za kupotosha kwa makusudi ya kukashifu, kutisha, kutukana au kudanganya umma. Wapo wanaoamini kwamba kundi la WhatsApp ni chumbani kwao, sheria haifiki. Inafika, na tangu uchaguzi wa 2015 wapo waliofikishwa mahakamani kwa ujumbe wa WhatsApp. Wapo wanaojitetea kwamba "nimeforwadi tu". Aliyesambaza naye amechapisha, kwa watu wake. Na wapo wanaodhani neno "inasemekana" ni kinga. Ukiandika kwamba inasemekana mweka hazina wa chama cha msingi amekula fedha za wanachama, umemtuhumu mweka hazina. Tena mji wetu ni mdogo, hata usipomtaja jina kila mtu anajua ni nani, na watoto wake wanasoma shule moja na wako.

Kwa upande wa pili lipo kosa ambalo viongozi wetu wa vijiji na kata hulifanya, nalo linaumiza zaidi kwa sababu wao wana nguvu: kuita kila ukosoaji uchochezi. Sheria ya Huduma za Habari yenyewe, penye kosa la uchochezi, imeeleza kwamba maneno hayawi uchochezi kwa sababu tu yanaonyesha serikali imepotoshwa au imekosea, au yanataja kasoro ili zirekebishwe. Kusema kwamba zahanati haina dawa, kwamba barabara ya Liwale imetelekezwa, kwamba sulfa ya kupulizia mikorosho imechelewa kufika wakati miti imeshaanza kutoa maua, ni kazi ya raia. Mtendaji anayetishia kwa neno uchochezi aulizwe kifungu, kwa heshima, mbele ya watu.

Halafu kuna imani kwamba kipo mahali chombo kisicho na upande wowote, tatizo letu ni kwamba hatujakipata. Hakipo. Kila anayesimulia amesimama mahali. Tunachoweza kudai ni kwamba aseme amesimama wapi, atafute aliyesimama upande wa pili, na akikosea asahihishe kwa herufi kubwa kama alizokosea nazo. Mwandishi wa siasa mtandaoni ana haki ya kuwa na chama, kukipenda na kukitetea. Akisema hivyo wazi, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na chawa, anayelipwa kusifu na akajifanya amesifu kwa mapenzi yake, kwa sababu anayemsoma hajui kwamba anasoma tangazo. Na kosa lake ni lilelile akimsifu waziri au akimsifu mpinzani.

Simu nayo ina upendeleo wake. Facebook na TikTok hukuletea zaidi vitu vya aina ileile uliyoibonyeza jana. Ukipenda habari za kuwalaumu wanunuzi wa korosho, utaletewa hizo mpaka uamini wanunuzi wote ni wezi. Jirani yako ataletewa nyingine. Mtakutana kisimani kila mmoja na nchi yake.

Kila lalamiko na mlango wake

Ukiona upendeleo, usikimbilie polisi, maana upendeleo si jinai. Mpigie mhariri au meneja wa vipindi, umwambie ni upande gani umeachwa, na umpe mtu wa kuzungumza naye. Redio zetu za karibu, kama Safari ya Mtwara au Mashujaa ya Lindi, zina simu za studio na watangazaji unaoweza kukutana nao mtaani. Wakati wa mnada uliza bei tatu kwa pamoja: ya juu, ya chini, na itakayomfikia mkulima baada ya makato. Wakizoea kuulizwa hivyo watazoea kutangaza hivyo.

Ukitajwa kwa uongo, una haki ya kudai kusahihishwa na kujibu kwenye chombo hichohicho. Chombo kikikataa, lipo Baraza la Habari Tanzania, lililoanzishwa na wanahabari wenyewe 1995, ambalo husuluhisha malalamiko bila gharama za wakili, na kwa redio na televisheni ipo Kamati ya Maudhui ya TCRA. Mahakama ya madai ipo baada ya hapo.

Na ukinyimwa taarifa, ile haki ya kutafuta iliyo katika Ibara ya 18 ina sheria yake: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Raia yeyote anaweza kuiandikia taasisi ya umma kuomba taarifa iliyonayo, bila kuwa mwandishi wala kuwa na chama, na taasisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Sheria hii haitumiki inavyostahili huku kwetu, nami naamini ingetuepusha na mengi ya kijiweni. Mwandikie mkurugenzi wa halmashauri barua ya ukurasa mmoja. Taja jina lako na anwani, taja msimu, kisha uliza jambo moja linalojibika kwa tarakimu: ushuru wa korosho uliokusanywa katika kata yetu msimu uliopita ni kiasi gani, na umetumika kwa kazi gani. Usiweke shutuma ndani yake. Peleka nakala mbili masjala, moja ibaki kwao, na nyingine uondoke nayo ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwa sababu ndiyo itakayoonyesha zile siku 30 zimeanzia wapi.